Huyu Analipwa Ngapi?

Mama si mtu wa muvi. Kwake filamu ni kelele ya kujaza nyumba wakati watu wanangoja taarifa ya habari. Lakini kuna Jumapili moja nilienda kumwona, mvua ikaanza kabla ya saa sita na haikuwa na haraka ya kuisha, na kwenye laptopu yangu kulikuwa na Roma ya Alfonso Cuarón, ambayo nilikuwa nimejipangia kuiandikia. Nikamwambia akae tuitazame. Alidhani ni hadithi ya Papa. Nikamweleza kwamba hii Roma ni mtaa katika jiji la Mexico, si kule Vatikani, na kwamba ni filamu kubwa, ilichukua Simba wa Dhahabu kule Venice mwaka wa 2018 na Oscar 3 mwaka uliofuata. Akasema haya, weka.

Inaanza na vigae. Vigae vya sakafu tu, kwa muda mrefu, halafu maji yanamwagwa juu yake, yanaenda, yanarudi na povu, na ndani ya hayo maji unaona kipande cha anga na ndege ikipita. Kuna watu wameandika sana kuhusu hiyo picha. Mimi mwenyewe nilikuwa na aya mbili kwenye daftari, mambo ya mbingu na ardhi, sijui nini. Mama aliangalia kama dakika moja akasema, "Huyo anaosha mavi ya mbwa."

Na ni kweli, ndiyo kazi anayofanya. Mbwa tunamwona baadaye. Nilimuuliza alijuaje, akaniambia hakuna mtu humwaga maji mengi hivyo kwa sakafu isipokuwa mnyama amepita hapo.

Mama alifanya kazi kwa nyumba za watu miaka 19. Nyumba 3, zote upande ule wa Nairobi wenye miti. Sisemi hivyo ili nipate huruma ya mtu, nasema ili uelewe nilikuwa nimekaa na nani. Nilikuwa mkalimani wake, nikimsomea yale maandishi ya chini kwa Kiswahili kwa sababu miwani aliiacha kanisani, na baada ya muda nikaanza kusahau kusoma kwa sababu nilikuwa namtazama yeye. Kuna mahali Cleo na Adela, wafanyakazi wa ile nyumba, wanafanya mazoezi ya mwili usiku chumbani kwao wakiwa na mshumaa, kwa sababu nyanya wa nyumba hapendi wakiwasha stima. Mama alicheka mpaka akafuta macho. Kwake ilikuwa hita ya maji. Mwaka mzima alioga maji baridi mwezi wa 7 kwa nyumba yenye hita 2.

Halafu kukaja ile sehemu ya televisheni. Familia yote imekaa kwa sofa wakitazama kipindi na kucheka. Cleo anapita akikusanya vyombo, anachutama pembeni mwa sofa, mtoto mmoja anamwekea mkono begani. Kwa sekunde chache yeye ni wa hiyo nyumba kama wao. Kisha anatumwa akalete chai ya daktari, yaani baba wa nyumba, naye anainuka. Ni sehemu ambayo kila mtu aliyeandika kuhusu Roma ameitaja, na mimi nilikuwa najiandaa kumwonyesha Mama jinsi ilivyopangwa vizuri.

Mama akauliza, "Sasa huyu analipwa ngapi?"

"Mum, ni filamu."

"Najua ni filamu. Nauliza analipwa ngapi."

Sikuwa na jibu. Baadaye, nikiwa kwangu, niliirudia Roma yote nikilitafuta. Filamu inakuambia mengi kuhusu Cleo. Inakuambia lugha anayoongea na Adela wakiwa peke yao, Kimixteki. Inakuambia kwamba akigundua ana mimba, swali la kwanza analomuuliza mwajiri wake ni kama atafukuzwa. Mshahara sikuuona.

Nimefikiria sana kuhusu hilo na sidhani ni dosari ya kijinga. Cuarón alitengeneza filamu hii kumhusu mwanamke aliyemlea, Libo Rodríguez. Alishika kamera mwenyewe, na moja ya zile Oscar ni ya upigaji picha. Kwa hivyo jicho tunalotumia ni la mtoto wa nyumba aliyekua. Na mtoto wa nyumba anajua harufu ya nguo za dada aliyemlea, anajua nyimbo zake, anajua anavyozima taa moja moja usiku. Mshahara wake hajui. Hajawahi kuujua. Hapo filamu ni ya kweli kuliko ilivyokusudia.

Isipokuwa mahali pamoja, ambapo inaonekana inajua kabisa inachofanya. Ni Juni 1971, wanafunzi wanauawa barabarani, Cleo uchungu umemwanza akiwa dukani anakonunuliwa kitanda cha mtoto. Hospitalini, nyanya wa nyumba anaulizwa maswali ya kawaida ya fomu. Jina lake kamili. Tarehe ya kuzaliwa. Hajui. Ameishi naye nyumba moja, amekula chakula kilichopikwa na mikono yake, na hajui. Hapo Mama hakusema chochote. Aliniambia nisongeze laptopu karibu.

Yalitza Aparicio, aliyeigiza Cleo, alikuwa amesomea ualimu na hakuwa ameigiza popote kabla ya hapo. Aliteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji bora wa kike, ikachukuliwa na Olivia Colman. Mimi ningempa Yalitza, lakini mimi sina kura.

Tangu siku hiyo nina tabia mbaya. Kila filamu iliyoshinda tuzo naiuliza swali la Mama. Si nadharia, sina nadharia, chuo niliacha mwaka wa 3. Ni swali tu. Na kuna filamu ambazo nilidhani nazipenda zikakauka nilipoziuliza, na nyingine zikafunguka.

Niseme moja iliyokauka ili tuendelee. Out of Africa, 1985, ya Sydney Pollack. Ilishinda Oscar 7, ikiwemo ya filamu bora, mwaka ambao The Color Purple iliteuliwa mara 11 ikarudi nyumbani mikono mitupu. Imepigwa hapa kwetu na hapa kwetu panapendeza mno, ile safari ya ndege juu ya flamingo bado hunishika, na muziki wa John Barry ni muziki kweli. Lakini angalia nyuma ya Meryl Streep. Kuna watu wanachuma kahawa. Wako shambani tangu mwanzo mpaka ghala linapoungua, na huoni hata mara moja wakipanga foleni ya malipo. Mwishoni yeye anapiga magoti mbele ya gavana kuwaombea Wakikuyu ardhi, na kamera inamtazama yeye, machozi yanakutoka kwa ajili yake. Wenye ardhi hawako kwenye hiyo picha. Joseph Thiaka, yule kijana aliyeigiza Kamante, anaiba kila sehemu anayoonekana bila hata kuongea sana. Filamu inayomhusu yeye ningeitazama.

Sasa turudi kwa zile ninazozipenda.

Ladri di biciclette niliijua kwa njia ya aibu kidogo. Nilipoacha chuo (karo ilikwama, halafu na mimi nikakwama) nilianza kazi ambayo vijana wengi wa Nairobi wenye laptopu wanaijua vizuri, kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao. Sisi huiita akademiki. Akaunti haikuwa yangu, nilikuwa naandika chini ya mtu, na ukurasa ulikuwa shilingi 350. Usiku mmoja kazi ikaingia, kurasa 6 kuhusu filamu ya Kiitaliano ya mwaka wa 1948, ya Vittorio De Sica, mwisho saa 12 asubuhi. Nikaitazama saa 5 usiku kwa bando la kukopa, nikiwa na nia ya kuruka ruka. Sikuruka.

Hadithi unaweza kuieleza kwa matatu kabla hujafika stejini. Antonio Ricci amekaa muda mrefu bila kazi. Anapata kazi ya kubandika mabango mjini Roma (sasa hii ni Roma yenyewe), lakini lazima awe na baiskeli. Baiskeli yake iko rehani. Mkewe, Maria, anatoa mashuka kitandani, anayafua, na wanaenda kuyaweka rehani ili wakomboe baiskeli. Siku ya kwanza kazini, akiwa juu ya ngazi anabandika bango la Rita Hayworth, baiskeli inaibwa. Anazunguka jiji na mwanawe Bruno kuitafuta. Basi.

Kuna picha moja pale kwa duka la rehani ambayo kwangu inashinda filamu nzima nzima za watu wengine. Maria ameomba waongezewe kidogo, karani ameongeza. Antonio anachungulia dirishani na anamwona mfanyakazi akichukua mzigo wa mashuka yao na kuanza kupanda nao rafu. Anapanda. Rafu hazina mwisho. Na kila rafu imejaa mizigo kama huo, mashuka juu ya mashuka, vitanda vya mji mzima vimevuliwa nguo. Hakuna mtu anayesema kitu. Hakuna hotuba kuhusu umaskini baada ya vita. Ni mtu anapanda ngazi na bahasha kubwa ya kitambaa. Mwandishi mvivu angekupa takwimu hapo.

Hii ndiyo filamu ambayo Mama hangehitaji kuiuliza swali lake, kwa sababu inajiuliza yenyewe. Pesa zimo kila mahali. Bruno, ambaye ni mtoto mdogo kabisa, anafanya kazi kituo cha petroli, ndiye mwenye kibarua cha uhakika katika ile nyumba. Asubuhi baba anapofurahia baiskeli, Bruno anaikagua kama fundi na kukuta imekwaruzwa huko rehani, na anakasirika kwamba baba hakulalamika. Kisha ile sehemu ya hoteli. Wameshazunguka siku nzima, Antonio amemzaba kofi mtoto, amejuta, anampeleka kula mahali pa watu wenye pesa. Meza ya nyuma kuna mtoto wa tajiri anakula jibini ikivutika, anamtazama Bruno kwa dharau. Wanakula. Halafu baba anaanza kupiga hesabu ya mshahara ambao angepata, na anampa mtoto kalamu aandike. Msingi, saa za ziada, posho ya familia. Wanajumlisha pesa ambazo hazipo tena. Mimi nikiwa na kurasa 6 za shilingi 350 nilikuwa nimepiga hesabu hiyo hiyo jioni, nyuma ya risiti ya duka.

Lakini niongee kuhusu mwisho, kwa sababu hapo ndipo nadhani sisi wa huku tunaiona filamu nyingine kabisa. Antonio amekata tamaa. Nje ya uwanja wa mpira kuna baiskeli nyingi, na kuna moja imeegemezwa kwa mlango, peke yake. Anampa Bruno nauli ya tramu amwambie atangulie. Anaiba. Wanapiga kelele, mwizi, mwizi, watu wanatoka kila upande, wanamkamata, wanamzunguka, mmoja anampiga, kofia inaanguka. Bruno, ambaye ameikosa tramu, anakuja mbio akilia baba, baba.

Hapo nilisimamisha video. Nilidhani najua kinachofuata. Mimi nimekulia mtaa ambao nimeona mwizi wa simu, na nimeona tairi, nikiwa na umri kama wa Bruno, na kuna mtu mzima alinifunika macho akiwa amechelewa. Kwa hivyo nilikaa na ile picha iliyosimama, mwanaume kati ya wanaume, na mtoto ameshika koti. Nilienda nikaweka chai. Niliporudi nikabonyeza, na mwenye baiskeli akamtazama mtoto, akasema wamwachilie.

Nilisoma wahakiki wengi usiku huo, ilikuwa kazi. Wanauita mwisho wa huzuni, wa kukatisha tamaa. Mimi niliuona kama muujiza, na mpaka leo sijui kama ni wao wamekosea au ni mtaa wangu. Antonio analia akitembea, Bruno anamshika mkono, umati unawameza. Lakini wako hai. Ana mkono wa kushikwa. Kwenye insha sikuandika hivyo, maana mwanafunzi wa chuo cha ng'ambo angeulizwa ameona wapi tairi. Niliandika kuhusu kuporomoka kwa heshima ya baba, kurasa 6 safi. Ikarudishwa niongeze kuhusu uanaume. Nikaongeza. Pesa ilikuja baada ya wiki 3, na nikaambiwa kwamba alipata A.

Hiyo filamu ilipewa Oscar ya heshima mwaka wa 1950, kabla filamu za lugha nyingine hazijapewa kipengele chao cha kushindania. Lamberto Maggiorani, aliyekuwa Antonio, hakuwa mwigizaji, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda. Baada ya filamu alirudi kiwandani, na baadaye akaachishwa kazi. Ukimuuliza Mama atakuambia hiyo ndiyo sehemu ya pili.

Parasite ya Bong Joon-ho niliikuta imechelewa, kwa flashi ya rafiki, baada ya Oscar za Februari 2020 ambapo ilichukua 4, ikiwa filamu ya kwanza isiyo ya Kiingereza kushinda ile kubwa ya filamu bora. Cannes ilikuwa imeshaipa Palme d'Or mwaka uliotangulia. Kwa hivyo niliiendea kwa kiburi, unajua vile unaambiwa kitu ni kizuri mpaka unakikasirikia.

Dakika kama 20 za kwanza ziliniondoa kiburi. Ki-woo amefeli mtihani wa kuingia chuo kikuu mara kadhaa. Anapata nafasi ya kumfundisha Kiingereza binti wa tajiri, lakini anahitaji kuonekana mwanafunzi. Dada yake Ki-jung anaingia kwa saiba na kumtengenezea cheti, mhuri na kila kitu, na baba yao anashangaa kwa furaha kama chuo kikuu kina kozi ya kughushi, binti yake angeongoza darasa. Ki-woo anasema yeye haoni kama ni uhalifu, mwaka ujao ataingia chuo hicho hicho, ni kama amechapisha mapema.

Wenzangu tuliokuwa nao kwenye ile bedsita walicheka. Ni kichekesho, kimeandikwa kichekeshe. Mimi sikucheka kwa sababu nilikuwa nimewahi kufikiri kitu kile kile kwa maneno karibu yale yale. Nilikuwa nimesimama kwa duka la kuchapisha, River Road, na kijana wa pale ameniuliza kama nataka ya daraja la kwanza au la pili, kwamba bei ni moja. Sikununua. Lakini si kwa sababu ya dhamira safi, nilikuwa sina hizo pesa siku hiyo, na siku nilipozipata hamu ilikuwa imeisha. Na kuna kitu kingine. Huko nje kuna watu wana shahada halali kabisa, zenye mhuri halali, na kurasa kadhaa ndani yake ni zangu.

Kinachonifurahisha kwa ustadi wa Bong ni kinachofuata. Ki-woo anafika kwa ile nyumba nzuri na cheti chake, na Bi Park anakitazama kidogo tu na kusema makaratasi si kitu, ameletwa na Min, inatosha. Yaani kazi yote ile ya kughushi haikuhitajika! Kilichohitajika ni kujuana. Mtu yeyote aliyewahi kutuma barua 40 za maombi Nairobi anaielewa hiyo sehemu kwa mwili wake. Kisha anamlipa. Ana bahasha ya pesa, anachomoa noti kadhaa, anairudisha nyingine mahali pake, na anamwambia kwamba ameongeza kidogo kuliko alivyokuwa akimlipa Min, kwa ajili ya gharama ya maisha. Nimeirudia mara nyingi. Anapunguza huku akisema anaongeza, na anasema kwa upole kabisa.

Hiyo ndiyo maana Parasite ni filamu bora kwangu kuliko Roma, ingawa Roma ni nzuri zaidi kwa macho. Bong anajua kila mtu analipwa ngapi, na nani anahesabu. Siku ya sherehe ya mtoto bustanini, dereva, Bwana Kim, amevalishwa manyoya ya kichwani acheze mchezo wa Wahindi Wekundu na tajiri wake. Usiku uliopita nyumba yao ya chini ya ardhi ilijaa maji taka. Wamelala kwa ukumbi na mamia ya watu wengine. Asubuhi Bi Park yuko kwa gari anafurahia kwa simu jinsi mvua ilivyosafisha hewa, huku akifungua dirisha kwa sababu ya harufu ya dereva. Na sasa, kichakani, Bwana Park anamkumbusha kwamba leo analipwa ziada, achukulie ni sehemu ya kazi. Uso wa Song Kang-ho hapo, mwigizaji, hauna kitu. Umefungwa. Mauaji yanakuja baada ya dakika chache, na watu hubishana kama ni ile harufu, ni kile kidole cha Bwana Park kuziba pua, iliyomfanya ashike kisu. Kwangu ilianzia kwa neno ziada.

Harufu yenyewe sitaki kuiongea sana. Mama alikuwa akioga kwa mabeseni kazini kabla ya kupanda matatu ya jioni, na nikiwa mdogo nilidhani ni usafi tu.

Nilimwonyesha Mama Parasite nayo. Hakuipenda kama nilivyotarajia. Ile sehemu yote ya ujanja, ambapo familia ya Kim inamfukuzisha mtunza nyumba wa zamani, Moon-gwang, kwa unga wa tunda la pichi linalomdhuru, ambayo imehaririwa kama dansi na kila mtu huipigia makofi, Mama aliitazama akiwa amekunja uso. "Huyo amewakosea nini?" aliuliza. Nikasema wao pia wanatafuta. Akasema hata yeye alikuwa anatafuta. Na sasa siwezi kuitazama hiyo dansi vizuri. Nadhani Bong alitaka ifike hapo, maana Moon-gwang anarudi usiku wa mvua na filamu inageuka, lakini Mama hakuhitaji kungoja ageuke.

Kuna moja ambayo swali haliisaidii sana, nayo ni Moonlight. Watu wanaikumbuka kwa ile bahasha ya mwaka wa 2017, wakati La La Land ilitangazwa kimakosa na watu tayari wako jukwaani wanashukuru. Mimi naikumbuka kwa Kevin akimpikia Chiron. Mwanaume anampikia mwanaume chakula polepole, anakipanga kwa sahani, anamwagia mchuzi. Kevin anasema mapato yake ya pale ni ya kununua viatu tu, na kwamba yuko sawa. Mahali pengine ningelitilia shaka hilo jibu. Pale namwamini.

Ya mwisho ni ya nyumbani, na naiweka mwisho kwa sababu niliiona kwanza nikiwa shule ya upili na nikaidharau. Nairobi Half Life, 2012, ya David Tosh Gitonga. Joseph Wairimu alishinda tuzo ya mwigizaji bora tamasha la Durban mwaka huo, na filamu yenyewe ndiyo ya kwanza Kenya kuipeleka kuwania Oscar. Haikuteuliwa. Tukiwa shule tulikuwa tukijua matusi yake kwa moyo na hatukujua kitu kingine.

Mwas ni kijana wa kijijini anayeuza DVD za muvi za Marekani, na anaziuza kwa kuziigiza. Anaruka, anapiga risasi za mdomo, anakufa, anafufuka, mteja ananunua. Nilipoirudia nikiwa mtu mzima nilishangaa kwamba hapo mwanzo mwanzo kabisa filamu imeshasema yote. Huyu ni mtu anayelipwa kwa kuonyesha filamu ya mtu mwingine kwa mwili wake. Kinachofuata kinaniuma zaidi. Waigizaji kutoka Nairobi wanapita kijijini, Mwas anaomba nafasi, na mmoja wao anamwambia ni shilingi 1,000. Ana 500. Anaitoa, na anaambiwa nyingine alete Nairobi, National Theatre.

Yaani analipia kazi. Kabla ya wizi, kabla ya jela, kabla ya genge la Oti na vipuri vya magari, ameshaibiwa na msanii. Na ni msanii mwenye tabasamu. Nimeandika bure kwa sababu ya tabasamu kama lile mara nyingi kuliko ninavyoweza kukubali, kwa hivyo labda mimi si hakimu mzuri.

Udhaifu iko nao. Wanawake hawajaandikwa, wako pale wapendwe au waokolewe. Polisi wabaya ni wabaya tu. Lakini nitakupa choo cha seli. Mwas ametupwa ndani siku yake ya kwanza mjini, ameshaporwa kila kitu, na wafungwa wanamwamuru aoshe choo ambacho sitakielezea. Anaanza kwa kutapika. Halafu kitu kinabadilika usoni, unamwona akiamua kwamba hii ni nafasi, kwamba kuna watu wanatazama, na anaosha kama yuko jukwaani. Wanamshangilia. Tuzo ya Durban ingetosha kwa hapo tu.

Nilimpelekea Mama mwezi uliopita. Safari hii hakuhitaji mkalimani, Sheng alielewa nusu, Kikuyu yote, matusi aliyatolea sauti ya mdomo. Mwishoni, baada ya risasi, Mwas anafika ukumbini usiku ule ule na anapanda jukwaani, marafiki zake wakiwa wamekufa, na anaigiza mbele ya watu waliolipa kiingilio. Mimi nilikuwa na mengi ya kusema kuhusu huo mwisho, jinsi anavyotutazama, jinsi makofi yanavyokuja.

Mama alikuwa ameshasimama kuondoa vikombe. Akaniuliza, "Na ile mia tano, yule jamaa alimrudishia?"